Rodi, chumvi na karatasi: kukagua mishono ya mabomba ya nyuklia ukiwa Pwani

Kenya ikijenga mtambo wa nyuklia, uwe Uyombo kule Kilifi palipotajwa mwanzo au Siaya inakozungumziwa sasa, mafundi wengi wa mabomba watatafutwa Mombasa. Kazi ya mabomba yenye shinikizo iko hapa: Kipevu, Shimanzi, Changamwe, melini. Kwa fundi anayeitaka kazi hiyo, na kwa kijana anayetaka kuwa mkaguzi, zoea la kwanza kuacha ni lile la kumwita mkaguzi mshono, yaani kiungo kilichochomelewa, ukishaisha. Saa hiyo karibu kila alichopaswa kukiona kimeshafunikwa.

Kabla moto haujawashwa, mkaguzi aombe karatasi nne: utaratibu wa uchomeleaji ulioandikwa, matokeo ya kipande cha majaribio kilichovutwa na kukunjwa kuthibitisha utaratibu huo, cheti cha fundi, na cheti cha chuma chenye namba ya tanuri, yaani namba ya mkupuo wa kiwandani chuma kilimoyeyushwa. Cheti cha fundi kisomwe tarehe. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, Sehemu ya Tisa, fundi asiyetumia njia fulani ya kuchomelea kwa miezi 6 hupoteza sifa ya njia hiyo. Aliyeshinda muda huo akichoma kwa rodi peke yake hawezi kurudi kwenye tigi (kuchomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi ya kinga) mpaka apimwe tena, hata awe bingwa wa bandari nzima. Namba ya tanuri nayo ihamishiwe kwenye kipande cha pili kabla bomba halijakatwa. Kipande kisicho na namba ni skrepu, ijapokuwa kila mtu pale anajua kilikotoka.

Kisha kuna vituo vya kusubiri, ambapo kazi inasimama hadi mkaguzi atie sahihi: mabomba yakishapangwa uso kwa uso, tabaka la kwanza likishapigwa, na mwisho. Mkaguzi anayesaini vituo kumi kwa mpigo Ijumaa jioni hajakagua chochote. Na asiwe chini ya foremani anayekimbizana na tarehe. Masharti ya ubora wa mitambo ya nyuklia ya Marekani ya mwaka 1970, yenye vigezo 18, yanataka wanaosimamia ubora wawe na uhuru na mamlaka ya kutosha, mbali na shinikizo la gharama na ratiba. Sisi tunalihesabu hilo kuwa kubwa kuliko mashine yoyote ya kupimia.

Sasa hewa yetu. Rodi za E7018, zile za haidrojeni kidogo za kuchomelea chuma cha kawaida, hunyonya unyevu, na unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono. Haidrojeni hupasua chuma kinene kikishapoa, pengine baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana kazi nyingi za chuma kinene husubiri saa 48 kabla ya ukaguzi wa mwisho. Mkebe ukifunguliwa, rodi ziingie kwenye oveni isiyopungua nyuzi 120 za Selsiasi, na zikitoka zitumike ndani ya saa 4. Zikipitiliza, zikaushwe upya saa 2 kwa nyuzi 260 hadi 430, mara moja tu. Zikilowa maji, zitupwe. Rodi iliyolala nje usiku mmoja wa masika haitofautiani kwa macho na ya oveni, kwa hiyo mkaguzi aangalie daftari la kutoa rodi: nani kachukua ngapi, saa ngapi, na karudisha ngapi.

Chumvi ni balaa zaidi. Chuma cha stenlesi hakiliwi na kutu ya kawaida, lakini kloraidi, yaani zile za chumvi, zikikikuta na mvuto uliobaki (nguvu inayokivuta chuma kwa ndani baada ya kuchomelewa) kandokando ya mshono, hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Koeberg, karibu na Cape Town, matangi ya stenlesi yaliyokaa kwenye hewa ya bahari yalipata nyufa za aina hiyo. Kwa hiyo mabomba ya stenlesi yasilale wazi kwenye yadi yakipigwa na upepo wa kusi; yafunikwe, ncha zizibwe, yafutwe kwa maji yaliyotolewa madini kabla ya kuchomelewa. Peni za kuandikia, tepu na dawa za ukaguzi ziwe zisizo na klorini. Glovu zilizoloa jasho zisishike sehemu ya kuunganisha. Brashi na diski ya grainda iliyogusa chuma cha kawaida isiguse stenlesi kabisa, maana hupandikiza chembe za chuma zinazoanzisha kutu. Na jaribio la shinikizo lisifanywe kwa maji ya kisima: visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na tone linalobaki kwenye kona ya bomba likikauka huacha chumvi yote pale pale.

Ndani ya bomba, wakati wa tabaka la kwanza, hewa ifukuzwe kwa agoni, gesi isiyounguza chuma, na oksijeni ipimwe kwa kifaa. Kuhesabu dakika kichwani si kupima. Mgongo wa mshono ukitoka mweusi wenye chenga kama sukari iliyoungua, ukatwe. Joto kati ya tabaka kwenye stenlesi mara nyingi huwekewa kikomo cha nyuzi 175. Fundi mwenye haraka hukipita bila kujua, basi chaki ya joto, inayoyeyuka chuma kikifika nyuzi fulani, iwe mfukoni mwake.

Mshono ukikataliwa, usifikiri kuurekebisha ni kuurudisha ulivyokuwa. Kila marekebisho huongeza mvuto ndani ya chuma. Mwaka 2023, mtambo wa Penly 1 nchini Ufaransa ulikutwa na ufa wa kina cha milimita 23 kwenye bomba lenye unene wa milimita 27, kwenye mshono uliorekebishwa mara mbili wakati wa ujenzi. Historia ya marekebisho iandikwe na isomwe miaka ijayo, maana ndiyo ramani ya pa kutafuta nyufa.

Ukaguzi wa rangi inayopenya nyufa, kwa dawa za kawaida, unataka chuma chenye nyuzi 5 hadi 52. Bomba lililopigwa jua la saa saba linaweza kupita hapo; rangi ikakauka kabla haijapenya, na mshono mbovu ukafaulu. Lipime joto kwanza, au fanya asubuhi. Picha za gama, zinazopigwa kwa mionzi ili kuona ndani ya mshono, ndizo za kuogopwa. Iridiamu 192, chanzo cha mionzi hiyo, nguvu yake hupungua nusu kwa siku 74, na kuitumia Kenya kunahitaji leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Kila chanzo kikirudishwa kwenye sanduku, kipimo cha mionzi kipitishwe hapo hapo. Kuona kebo imerudi hakutoshi. Yanango, Peru, mwaka 1999, mchomeleaji aliokota chanzo kilichodondoka, akakitia mfuko wa suruali, akapoteza mguu. Kwa hiyo hata fundi asiyehusika na picha afunzwe: ukiona kijichuma kigeni kinachong'aa, usikiguse, ondoka, toa taarifa.

Mtambo ukishaanza kazi, hatari huhamia kwenye orodha ya sehemu za kukaguliwa. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Mihama 3 nchini Japani, Agosti 2004, bomba lililokuwa na unene wa milimita 10 lilibaki na chini ya 2, likapasuka, na wafanyakazi 5 wakafa. Mahali pale palikuwa pameachwa nje ya orodha ya ukaguzi, na hapakuwahi kukaguliwa tangu mtambo uanze mwaka 1976. Maji ya moto yanayokwenda kasi hula chuma cha kawaida kidogo kidogo, hasa baada ya vibao vyenye tundu vya kupimia mtiririko, kwenye viwiko na viungo vya T. Orodha isitengenezwe ofisini kutoka michoro pekee: watu wawili watembee laini nzima na mchoro mkononi, kila kiwiko kipewe namba, na vipimo vya unene vya siku ya kwanza viandikwe kabla bomba halijafungwa sufi ya kuhifadhi joto. Bila kipimo cha mwanzo, cha miaka kumi baadaye hakiwezi kukuambia bomba linaliwa kwa kasi gani.