Usimhamishe shule kabla hujampima masikio!!

Mama wa Mshomoroni, hebu ngoja kwanza! Umeandika mwalimu amesema mwanao wa gredi ya 3 ni mzito umtafutie shule ya spesheli, na wewe ushaanza kuuliza karo na nauli na yunifomu. Halafu katikati hapo umepitisha tu kwamba sikio lake hutoka maji akishikwa na mafua. Mamangu, swali lako ni hilo la sikio!

Wangu alikuwa vivyo hivyo tukikaa Likoni. Ukimwita hageuki, ukimtuma sukari analeta chumvi, imla anaandika maneno mawili matatu kisha anaangalia daftari la mwenzake. Mwalimu mmoja akanambia huu ni uvivu, apewe tushen na arudie darasa. Nikamwamini kwa sababu ni mwalimu. Miezi 14 nalipa 1,500 kila mwezi, pesa ya kukaanga viazi karai alfajiri, na huku sikio linavuja usaha mpaka mto unanuka na mimi natia mafuta ya nazi ya moto kwa sababu jirani kasema yanakausha. Na nikimpiga. Kofi, upande ule ule wa sikio, ati ananidharau nikimwita. Wallahi yeye kasahau, mimi sijasahau.

Siku tulipofika hospitali kuu ya Mombasa pale Makadara daktari wa masikio kachungulia tu akasema kiwambo kimetoboka, na mafuta nisitie tena. Wakamvisha hedifoni, kila akisikia mlio ainue mkono. Nimekaa naangalia ule mkono, uko tu juu ya paja, hauinuki.

Na yule mwalimu, sawa, watoto 70 na kitu kwenye chumba kimoja cha mabati najua ni kazi, lakini kumuuliza mtoto "wanisikia?" ni shilingi ngapi? Kumrudishisha mtoto darasa kumekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, hakunambia. Vituo vya EARC vya kupima watoto wenye shida ya kusikia au kusoma vipo Kenya tangu 1984, hakunambia, nimekuja kuvijua mwanangu ana miaka 9!

Na hatukumhamisha popote. Alipewa dawa ya matone, nikawa namkausha sikio kwa kitambaa safi, baharini marufuku, na shule ile ile mwalimu mwengine akamkalisha mbele, sikio zima limwelekee yeye, akaacha kuongea huku ameligeuzia darasa mgongo. Muhula wa pili mtoto anainua mkono kujibu.

Kwa hivyo masikio kwanza, shule baadaye, usikubali mtu akugeuzie. Leo usiku zima TV, simama nyuma yake hatua mbili tatu asikuone mdomo, mwambie azibe sikio moja, umnong'oneze jina la kitu anachokipenda. Kisha upande wa pili. Asiposikia kesho asubuhi mpeleke hospitali, na hata akisikia sikio hilo likaangaliwe maana maji hayatoki bure. Uje utwambie.