Damu Iliyokaa Njiani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya maabara, wiki hii nimekuta tena mirija ya damu imesimama mezani huku aliyeitoa amekwenda kula chakula cha mchana, nami nikaona heri niandike kuliko kuwafokea.

Kwanza, tumieni vyombo vya kioo, kwa sababu lipidi tunazopima kwenye damu, yaani anandamidi na 2-AG, ambazo ni mafuta yanayoundwa na mwili wenyewe na kufanya kazi kama viambato vya bangi, hunata kwenye plastiki.

Pili, muda. Anandamidi, ambayo kikundi cha mwanakemia Raphael Mechoulam kiliitenga mwaka 1992 kutoka ubongo wa nguruwe, haiwekwi akiba ikisubiri kuitwa. Seli huiunda kutokana na mafuta ya utando wake pale inapohitajika, nayo hushika vipokezi vya CB1, protini za seli zinazopokea ujumbe wake, na kupunguza taarifa za maumivu zinazopita kwenye neva, kisha kimeng'enya cha FAAH huivunja. Haya mnayajua vizuri kwa ajili ya mtihani, lakini mnasahau kwamba seli za damu huendelea kuitoa hata zikiwa ndani ya mrija.

Mimi pia niliyajua. Hata hivyo nilikwenda Bahi kuchukua damu ya akina mama wanaolima mpunga, wenye maumivu ya mgongo ya miaka mingi kwa sababu ya kuinama majarubani, nikairudisha Dodoma mjini ndani ya kasha lenye barafu iliyokuwa ikiyeyuka, na ilipita zaidi ya saa mbili kabla ya kuizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha seli za damu na plazma, yaani majimaji yake. Damu ya kundi linganishi niliitoa palepale mjini, hatua chache kutoka kwenye sentrifuji. Anandamidi ya akina mama ilionekana kuwa juu sana, nami nikaandika kwa furaha kwamba mwili wao unajitetea dhidi ya maumivu. Miezi kadhaa baadaye niligawa damu yangu mwenyewe katika mirija sita, nikazungusha mmoja papo hapo na mingine kwa kupishana, na kiwango kikapanda kadiri mrija ulivyochelewa. Tofauti niliyoiita maumivu ilikuwa ya safari.

Nilirudi Bahi kuwaeleza. Mama mmoja, ambaye siku ile alitoa damu kabla hata ya kunywa chai, alinyoosha mkono uleule ili nitoe nyingine, ikanibidi nimwambie kwamba sikuwa na kibali. Mkono ule ninaukumbuka kila nionapo mirija mezani.

Kwa hiyo sentrifuji ndogo huenda nasi shambani, na plazma hutenganishwa kabla hatujawasha gari. Barafu hupunguza kasi tu, haizuii.

Tatu, 2-AG hugeuka kuwa 1-AG, umbo lake jingine, wakati wa kuitayarisha. Jumlisheni vilele vyote viwili kwenye grafu ya mashine ya kupimia.

Nne, andikeni kwenye kila mrija saa ya kutoa damu na saa ya kuizungusha, kwa kalamu isiyofutika kwa maji ya barafu. Mirija niliyoikuta mezani wiki hii haikuwa na saa hata moja, na tumelazimika kuitupa yote.