Kumpata mwalimu wa jiometri anayejua kufundisha uthibitisho: maelezo kwa mzazi mgeni wa Moshi

Mzazi aliyehamia Moshi hivi karibuni, na ambaye mtoto wake yuko kidato cha pili au cha tatu, hakosi kuambiwa na majirani kwamba mji huu hauna uhaba wa walimu wa tuisheni. Maneno hayo ni ya kweli. Ukiwa Soweto, Majengo, Pasua au Rau, utaelekezwa kwa mwalimu wa hesabu kabla hujamaliza kuuliza. Hata hivyo, kati ya walimu hao wengi, ni wachache wanaoweza kumkalisha mtoto mbele ya umbo la jiometri na kumfundisha kueleza kwa nini jambo fulani ni kweli, hatua kwa hatua, bila kupima na bila kukisia. Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, darasani na majumbani mwa watu, na ninachoandika hapa kinawahusu wale wanaoanza kumtafuta mwalimu wa aina hiyo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kukokotoa na kuthibitisha ni kazi mbili tofauti. Mwalimu anaweza kuwa hodari sana wa kutafuta thamani ya x, kujumlisha sehemu na kuchora grafu, na bado akawa hajawahi kukaa na mtoto aliyeshindwa kuanza uthibitisho. Katika kukokotoa, mwanafunzi anajua anakotoka lakini hajui jibu. Katika uthibitisho jibu ameshapewa, na anachodaiwa ni njia ya kulifikia. Mtoto aliyezoea kutafuta jibu akikutana na swali ambalo jibu lake limeandikwa tayari huduwaa, kisha huchukua kipimapembe, hupima pembe mbili, huona zote ni nyuzi 40, na huandika kwamba amethibitisha. Mwalimu anayempa alama ya vema kwa kazi hiyo hafai, hata kama ana shahada.

Kwa miaka mingi mpangilio wa jiometri ya sekondari nchini umekuwa ukianza na pembe na mistari sambamba, ukaendelea na pembetatu zilizo sawa kwa kila hali, pembetatu zinazofanana na kanuni ya Pythagoras, kisha ukafika kwenye kanuni za duara. Mpangilio huo una mantiki ya kale. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alizipanga kanuni zake kwa namna ambayo kila moja inasimama juu ya zile zilizotangulia: kanuni ya pembe za kitako katika pembetatu yenye pande mbili sawa ni ya 5 katika kitabu chake cha kwanza, jumla ya pembe za pembetatu inapatikana katika kanuni ya 32, na ile ya Pythagoras ni ya 47. Simtaji ili mwalimu wako aulizwe historia. Namtaja kwa sababu mwalimu wa uthibitisho lazima ajue nini kinatangulia nini. Mwanafunzi akithibitisha kwamba pembe za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180 kwa kutumia mistari sambamba, halafu wiki inayofuata akathibitisha kanuni ya mistari sambamba kwa kutumia zile nyuzi 180, atakuwa amezunguka tu na kurudi alikoanzia, na asipokuwepo mtu wa kumzuia ataendelea hivyo hadi chumba cha mtihani.

Kuhusu mahali pa kumtafuta sitasema mengi. Mwalimu wa hesabu wa shule anayosoma mtoto ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa heshima na bila kumfanya ahisi kwamba kazi yake inalaumiwa, kwa kuwa mara nyingi anamfahamu mwenzake mwenye nafasi. Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge kiko hapa hapa Moshi na kinaandaa walimu, na mwanafunzi wa ualimu wa hesabu aliye mwaka wa mwisho anaweza kuwa na subira kuliko mwalimu mkongwe aliyechoka. Walimu wastaafu ni hazina, hasa waliosoma jiometri wakati ilipofundishwa kwa ukali zaidi, ingawa wapo miongoni mwao wasiopenda kuulizwa maswali. Madarasa makubwa ya tuisheni ya msimu wa mitihani, yanayojaza watoto ukumbini na kufumua pasti pepa moja baada ya nyingine, yanasaidia mambo mengine lakini siyapendekezi kwa uthibitisho. Humo mwalimu huandika ubaoni, watoto hunakili, na hakuna anayejua ni mstari gani uliompita nani.

Sasa tuje kwenye kumpima mwalimu mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi huishia kuuliza bei na kiwango cha elimu tu. Huhitaji kuwa mjuzi wa hesabu ili kufanya jambo hili. Mwombe akae na mtoto kwa kipindi kimoja cha majaribio ukiwapo karibu, umlipe kipindi hicho kama kawaida, na umpe maswali mawili au matatu ambayo nitayaeleza.

Swali la kwanza ni la pembetatu ABC ambayo upande wa AB ni sawa na AC, na mtoto anatakiwa kuthibitisha kwamba pembe ya B ni sawa na ya C. Mwache mtoto aanze. Watoto wengi wataandika sentensi inayofanana na hii: "Nachora AD iwe wima kwa BC, na D iwe katikati ya BC." Mwalimu dhaifu ataipitisha, kwa sababu mchoro unaonyesha hivyo na hitimisho litatoka sahihi. Mwalimu mzuri atasimama hapo hapo. Nimewahi kumsikiliza mmoja akimuuliza binti wa kidato cha pili, "Nani amekuhakikishia kwamba mstari mmoja unaweza kufanya kazi zote mbili?" Binti akajibu, "Naona kwenye mchoro, mwalimu." Mwalimu akasema, "Mchoro umeuchora wewe. Chagua kazi moja, hiyo nyingine itajileta." Akanyamaza, akamwacha afikiri. Binti akichagua D iwe katikati ya BC, pande tatu za pembetatu moja zitalingana na pande tatu za nyingine, na ataandika SSS, yaani sababu ya pande tatu (kwa Kiingereza S ni upande na A ni pembe). Akichagua AD iwe wima, atakuwa na pembe mraba, upande ulio mkabala nayo na upande mwingine mmoja, nayo ni RHS. Akichagua AD iigawe pembe ya A nusu kwa nusu, itakuwa SAS, yaani pande mbili na pembe iliyo kati yao. Njia zote tatu ni halali, ila kuzichanganya katika sentensi moja ni kudai kitu ambacho bado hakijathibitishwa. Kosa hilo dogo linaeleza mengi zaidi kuhusu mwalimu kuliko cheti chake.

Swali la pili mwulize mwalimu mwenyewe, kwa adabu: kwa nini hakuna sababu inayoitwa SSA, yaani pande mbili na pembe isiyo kati yao? Atakayejibu kwamba haimo kitabuni amejibu kweli, lakini hajamsaidia mtoto. Anayefaa atafungua mkebe wa hesabu. Atachora pembe ya nyuzi 30 kwenye ncha A, atapima AB sentimita 8 kwenye mkono mmoja wa pembe hiyo, kisha ataweka bikari kwenye B ikiwa imefunguliwa sentimita 5 na kuchora tao. Tao hilo litaukata mkono wa pili mara mbili: mara moja karibu sentimita 3.9 kutoka A, na mara ya pili karibu sentimita 9.9. Hapo mtoto ana pembetatu mbili zisizolingana, ilhali zina pande mbili na pembe moja zilizo sawa. Kazi hii haichukui muda mrefu, na mtoto aliyeichora kwa mkono wake mwenyewe haandiki tena SSA kwenye daftari.

Swali la tatu linawafaa walio kidato cha tatu. Ni ile kanuni inayosema kwamba pembe iliyo kwenye kitovu cha duara ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo, zote zikiwa zimesimama juu ya tao moja. Uthibitisho wa kawaida unaunganisha kitovu na nukta iliyo kwenye mzingo, unapata pembetatu mbili zenye pande mbili sawa kwa kuwa nusu vipenyo ni sawa, kisha unatumia pembe za nje na kuzijumlisha. Karibu kila mwalimu anaujua. Mwangalie kama atasema, bila kuulizwa, kwamba kitovu kinaweza kuwa nje ya ile pembe ya kwenye mzingo, na kwamba hapo pembe hazijumlishwi bali moja hutolewa kwenye nyingine. Akilisema hilo mwenyewe, usimwache aondoke kabla hamjapanga siku.

Baada ya kumpata, vipindi vichache vya mwanzo viangalie kwa jicho moja tu: penseli iko mkononi mwa nani? Mwalimu akiishika muda wote, mtoto atakuwa na madaftari mazuri na kichwa kitupu. Uthibitisho mzuri huanzia mwisho kuja mwanzo, yaani mtoto anaulizwa anatafuta nini, kisha ni kitu gani kingetosha kumpa hicho, kisha kama anacho au la, mpaka wafike kwenye yale aliyopewa. Baada ya hapo ndipo huandika kutoka juu kwenda chini, kila mstari ukiwa na sababu yake pembeni. Mwalimu anayeandika uthibitisho uliokamilika tangu mwanzo anamficha mtoto kazi yote iliyofanyika kichwani mwake, halafu mzazi anashangaa kwa nini mtoto anaelewa akiwa na mwalimu na kushindwa akibaki peke yake.

Lugha nayo ina uzito wake. Watoto wengi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili wanalipokea somo hili kwa Kiingereza, na mtihani utawataka waandike sababu zao kwa Kiingereza. Maoni yangu, ambayo walimu wengine hawakubaliani nayo, ni kwamba mtoto aseme kwanza hoja yake yote kwa Kiswahili, kwa sauti, huku akionyesha kwa kidole kwenye mchoro, na aandike kwa Kiingereza pale tu anapoweza kuisema bila kusita. Mwalimu asiyeruhusu Kiswahili kabisa hupata watoto wanaokariri sentensi, na anayebaki kwenye Kiswahili siku zote humwacha mtoto bila maneno siku ya mtihani. Uliza mapema anavyofanya.

Ni haki pia mzazi aelezwe kwamba uthibitisho wa jiometri si sehemu kubwa ya mtihani wa hisabati wa kidato cha nne. Kama haja yako ni alama za haraka na mtihani uko karibu, mwalimu wa mazoezi ya jumla atakufaa zaidi, na hakuna aibu katika hilo. Anayekusudia mtoto wake aende mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) hesabu yake ni nyingine, kwa kuwa huko kidato cha tano atakutana na mantiki, uthibitisho wa milinganyo ya trigonometria na mengineyo yanayodai tabia ile ile ya kutoa sababu.

Wenye watoto wa bweni, na mkoa wetu una shule nyingi za bweni, wasisubiri likizo ya Desemba ifike ndipo waanze kutafuta. Wakati huo walimu nao wanapanda migombani kwao kusherehekea, na waliobaki mjini wameshachukuliwa. Likizo ya Juni ina utulivu zaidi. Malipo yawe ya kipindi kwa kipindi kwa mwezi wa kwanza, kisha mkiridhiana yawe ya mwezi. Masomo yafanyike sebuleni au barazani, mahali ambapo watu wa nyumbani wanapita, au katika maktaba ya mkoa kama nyumbani kuna kelele. Mwalimu mwenye heshima hatakwazika kwa sharti hilo, na anayekwazika mshukuru na mwagane.

Kuna mwalimu ambaye atafaulu maswali yote matatu na bado hatamfaa mtoto wako. Dalili yake ni mtoto kuacha kuuliza maswali. Mtoto anayejifunza uthibitisho anapaswa kuwa msumbufu kidogo, anayedai sababu hata mezani wakati wa chakula, na akianza kuitikia tu "ndiyo mwalimu" kwa kila jambo, zungumza na mwalimu kwanza kabla ya kumbadilisha, kwa kuwa pengine anakwenda mbio bila kujua.

Siku ya kwanza ya masomo mpe mwalimu madaftari ya zamani ya mtoto, hasa yale yenye makosa na alama nyekundu, badala ya kitabu kipya ulichonunua dukani. Mwombe ayapitie kabla hajafundisha chochote, na mwisho wa kipindi akuonyeshe ni katika mstari upi mtoto huanza kupotea.