Kabla hujagusa kikonyo cha jicho: kwa wadogo zetu mnaoanza na kaa

Kila Juni, baridi ya Mbeya ikianza kuuma, kundi jipya linaingia maabara na ndoo za kaa wa mto Kiwira, na kosa ni lilelile. Mnakata kikonyo cha jicho, mnasubiri ovari inenepe, kisha mnakuta gamba tupu majini na kaa laini amekufa pembeni. Mnaandika "homoni haikufanya kazi". Wadogo zangu, ilifanya kazi sawasawa.

1. Jua kwanza hatua ya gamba. Tangu mtafiti Panouse aonyeshe mwaka 1943 kwamba kamba akiondolewa vikonyo ovari yake hukua upesi, wengi wanakariri kwamba kikonyo ni breki ya ovari. Ni kweli: ndani ya kikonyo, ogani X hutengeneza homoni inayozuia mayai yasijae kiini, na tezi ya sinasi iliyo humohumo huihifadhi na kuimwaga kwenye hemolimfu, yaani damu ya kaa. Lakini tezi hiyohiyo humwaga pia homoni inayozuia ogani Y isitoe ekdisteroidi (homoni za kujivua gamba), yaani breki ya kujivua gamba, na nyingine inayozuia ogani ya mandibula isitoe methili farnesoeti, homoni nyingine ya ukuaji na uzazi. Ukikata, umelegeza breki zote kwa mkupuo. Mnyama ataelekea kule alikokwisha kuanza kuelekea. Aliye hatua ya C, katikati ya kujivua na kujivua, ana nafasi ya kupeleka akiba kwenye ovari. Aliyeingia D, yaani anayejiandaa kujivua, atajivua, na akiba itaishia kwenye gamba jipya.

Bonyeza ubavu wa gamba. Likibonyea kama karatasi, au likiwa na ulaini wa ngozi, mwache. Likiwa gumu, usiridhike, maana D ya mwanzo nayo ni ngumu. Kata ncha ndogo ya pleopodi (kijiguu cha chini ya tumbo), iweke kwenye slaidi na tone la maji, tazama kwa ukuzaji wa mara 100. Ngozi ikiwa imeshikamana na gamba hadi kwenye mashina ya vinyweleo, ni C. Ukiona uwazi kati ya ngozi na gamba, ni D, mrudishe kwenye beseni. Ni kazi ya dakika chache tu, na inauma sana kuona mtu akiiruka halafu anapoteza muhula mzima.

Kata kikonyo kimoja, siyo viwili: vifo huongezeka mno. Mpoze kaa kwenye barafu dakika 10 hadi 15, funga uzi kwenye shina, kata mbele ya uzi, choma jeraha kwa koleo la moto. Kaa wa kulinganishia naye apozwe vilevile, la sivyo unapima barafu.

2. Fahirisi ya ovari ni uzito wa ovari kugawanya kwa uzito wa mwili, mara 100. Anayebeba mayai nje, chini ya tumbo, usimwingize. Ovari yake imeshamwaga. Rangi ya ovari hutoka nyeupe, njano, hadi chungwa, lakini chakula nacho huibadilisha, kwa hiyo pima vipenyo vya oosaiti, yaani mayai machanga ndani ya ovari.

3. Kaa wa Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, wamezoea joto. Ukiwaleta Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ovari na gamba vyote hupunguza mwendo. Wasafirishe kwenye gunia bichi. Ndoo iliyojaa maji huwanyima hewa. Wape wiki ya kuzoea, makundi yote chumba kimoja.

4. Hepatopankreasi, tezi kubwa ya mmeng'enyo, hujimeng'enya yenyewe upesi. Itoe kwanza, weka kwenye barafu papo hapo. Vitelojenini, protini inayogeuka kiini cha yai, hutengenezwa humo na kwenye ovari, kwa uwiano unaotofautiana kati ya spishi na spishi. Ukiitupa umetupa sehemu ya jibu.

5. Kemikali mbili za neva: serotonini huchochea ovari, dopamini huizuia. Yeyusha asubuhi ya kuchoma sindano, funika na mwanga. Dopamini iliyogeuka kahawia imeharibika.

6. Asidi ya pikriki iliyo kwenye Bouin, dawa ya kuhifadhi tishu, isikauke kamwe. Ikikauka, huweza kulipuka.

7. Msiazime ratiba ya kamba wa baharini. Kamba wa Bagamoyo hutaga mayai mengi madogo, na baada ya kukatwa kikonyo huweza kutaga ndani ya siku chache. Kaa wetu wa mtoni hutaga machache, makubwa, yaliyojaa kiini, na kinachoanguliwa ni kaa mdogo aliyekamilika, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi (lava). Kujaza kiini hicho kunachukua muda mrefu zaidi. Ukimpasua siku ya saba utakuta ovari changa na kudhani umeshindwa.