Mtoto wa miaka 9 halazimiki kufunga Ijumaa Kuu

Je, mtoto Mkatoliki wa miaka 9 lazima afunge Ijumaa Kuu? Hapana, halazimiki. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa Katoliki (zile za mwaka 1983) inasema kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunaanzia miaka 18 hadi mtu anapoingia mwaka wa 60. Kwa hiyo mtoto huyo akinywa uji asubuhi ya Ijumaa Kuu hajatenda dhambi yoyote, na asitishwe.

Ila kanuni hiyohiyo haiwaachi wazazi hivihivi: inawataka, pamoja na wachungaji, wawafundishe hata hao wadogo maana halisi ya toba. Kwa mtoto hiyo iwe kitu anachokiona mwenyewe. Aache soda na pipi za Ijumaa, hela aitie kwenye kopo, na Jumapili alitoe yeye kwa mkono wake, si mama amtolee. Akichukuliwa kwenye Njia ya Msalaba (ibada ya kusali kituo kwa kituo kukumbuka mateso ya Yesu) naye apewe kazi, hata kushika mshumaa tu. Vituo 14 ni virefu kwa mtoto aliyekaa bure. Kumshindisha njaa kutamfundisha kuvizia jikoni, basi.

Angalizo: kama ameshapata Komunyo ya Kwanza, ile saa moja ya kutokula kabla ya kupokea inamhusu naye (kanuni ya 919). Maji na dawa ruksa. Biskuti za kumnyamazisha katikati ya Misa ndizo zinazoleta shida.