Ukialikwa kuishangilia timu ya kampuni Japani, nenda

Ukipata kazi au mafunzo ya vitendo kwenye kampuni kubwa ya Kijapani, huenda siku moja ukatumiwa barua pepe: timu yetu ya besiboli imefuzu kwenda Tokyo, mabasi yapo, jiandikishe. Sisi tuliokulia kwenye soka huwa tunaifuta. Jiandikishe, hata kama hujui gongo linashikwa wapi.

Hayo si mabonanza ya Jumamosi. Mashindano yenyewe, Toshi Taiko, yalianza mwaka 1927, na tangu 1988 nyumbani kwake ni uwanja wa Tokyo Dome. Kila timu inabeba jina la mji: kampuni ya mafuta ya ENEOS wanachezea Yokohama, Toyota wanachezea mji wa Toyota. Ni mtoano, ukifungwa unafungasha. Bingwa anaondoka na bendera ya simba mweusi.

Wachezaji ni waajiriwa wenzako. Nilikofanya kazi, mmoja wao alikaa meza ya jirani, asubuhi anahangaika na ankara, mchana anabeba begi kwenda mazoezini. Usimwonee gere, na usiulize kazi zake anamwachia nani. Wakubwa wameshalipanga hilo. Analipwa mshahara kama mfanyakazi, na siku akitundika glavu anabaki na kiti chake ofisini. Ndiyo maana wapo wenye kipaji ambao hawaoni haraka ya kwenda ligi ya kulipwa. Na hata mwenye haraka husubiri: aliyeajiriwa akitokea sekondari lazima amalize miaka 3 ndipo klabu za kulipwa ziruhusiwe kumchagua, wa chuo kikuu miaka 2. Mrushaji Hideo Nomo alipita njia hiyo, kutoka timu ya kiwanda cha chuma cha Sakai hadi klabu ya kulipwa ya Kintetsu, na mwaka 1995 akawa Marekani, na Dodgers wa Los Angeles.

Uwanjani kaa na watu wa kampuni yako, vaa taulo utakalopewa shingoni, na wimbo wa kampuni ujifunze walau kiitikio. Kuna ngoma, tarumbeta, na kiongozi wa kushangilia anayewaelekeza kila dakika. Bosi wangu, mtu ambaye ofisini sauti yake uliisikia kwa shida, pale alipayuka mpaka akakauka koo. Siku hiyo nilipiga soga na watu wa ghala na wa mauzo ambao kwa kawaida tuliishia kuinamishiana vichwa kwenye lifti. Baadaye nikihitaji kitu ghalani, nilijua nimpigie nani.

Usishangae pia kuona mchezaji wa kampuni pinzani amevaa jezi yenu. Timu iliyofuzu inaruhusiwa kuazima wachezaji hadi 3 kutoka timu zilizotolewa katika kanda yake. Mshangilie kama wenu.

Mzaha mmoja uuepuke: kwamba timu inakula pesa za bure. Miaka ya 1960 timu za kampuni zilizidi 200. Leo hazifiki 100. Nissan walisimamisha zao baada ya msimu wa 2009, na walirudi uwanjani 2025. Unayemtania huenda aliwahi kuona timu yake ikivunjwa.

Mkifungwa, kesho yake mwambie jirani yako wa ankara "otsukaresama", yaani pole na kazi, na muendelee na kazi. Habari za ule mpira alioukosa, mwachie aanze mwenyewe.