Jibu: Mbungo umejaa majani, hauna ua

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: mbungo (mmea utambaao, wa matunda ya mabungo) ulioupanda kwa mbegu umejaa majani, umelala chini ya ukuta kivulini, na maua hakuna.

Kwanza hakikisha ni mbungo. Vunja jani: lazima utoke utomvu mweupe, na majani yakae mawili mawili yakitazamana. Mtoria nao uko hivyohivyo, ni ukoo mmoja, kwa hiyo jibu kamili utalipata kwenye tunda, utakapozaa.

Kisha suala la mwanga wa jua. Mbungo, Saba comorensis, kwao ni kingo za mito na misitu ya pwani. Mizizi hukaa kwenye unyevunyevu, kichwa hutafuta mwanga juu ya miti mingine, na huko juu ndiko hutoa yale maua meupe yenye koo la njano. Ukuta mtupu hauufai, maana hupanda kwa vikono vinavyojisokota kwenye matawi. Wangu niliuelekeza kwenye mwembe mzee (mwembe mchanga ungeelemewa).

Mbolea ya chumvichumvi acha kwanza, itazidisha majani tu. Panga la kupogoa nalo liweke kando. Na mbungo wa mbegu huchukua miaka kutoa maua, usiung'oe.

Umeupanda lini, na hapo unapata jua saa ngapi kwa siku?